Nyaya Mbili Chini ya Stendi

Ilikuwa siku ya Jumanne, saa kumi kasorobo alasiri. Saa hiyo haikukisiwa. Umeme wa mtaa mzima ulikatika saa tisa na nusu, chaja ya betri iliyokuwa juu ya meza ya karakana ikazima taa yake, na tangu kuzimika kwake hadi harufu ilipoanza, fundi alikuwa amemaliza kikombe kimoja cha chai, chai ya moto, ya kunywewa kwa kupuliza. Wanaosema ilikuwa Ijumaa, tena usiku wa manane, hawakuwapo. Watu hupenda majini yao yawatokee usiku wa manane. Hili lilianza jua likiwa bado linakaanga mabati.

Harufu yenyewe ilikuwa ya yai viza.

Fundi, ambaye mtaa ulimwita Cheche kwa kuwa alishinda akicheza na umeme, hakushtuka mara moja. Kwa mtu wa kazi ile, harufu ya yai viza ina maana moja: betri imechajiwa kupita kiasi, maji yake yanachemka ndani, na i karibu kufa. Akainuka, akaweka kiganja ubavuni mwa kila betri iliyokuwa rafuni, kama mama apimaye homa ya watoto waliolala kitanda kimoja. Zote zilikuwa baridi. Akanusa kushoto, akanusa kulia, na pua yake ikampeleka mahali ambapo miguu haikutaka kwenda: kona ya nyuma, palipokuwa na pikipiki iliyopondeka, iliyofunikwa turubai. Pikipiki ile haikuwa na betri. Yeye mwenyewe ndiye aliyeitoa.

Alipokuwa akiitazama, chini ya turubai kikasikika kitu. Kla! Chuma kikigonga saruji.

Aliyewahi kumiliki pikipiki haulizi sauti ile ni ya nini. Ni ya stendi ya pembeni inaposhushwa.

Kabla hajapata la kufanya, mlangoni akatokea Domo, dereva wa pikipiki aliyepewa jina hilo kwa sababu kinywa chake hakikujua likizo. Alikuwa akisukuma pikipiki yake huku jasho likimchuruzika.

"Fundi, punda wangu amegoma. Nimempiga kiki mpaka goti linaomba talaka."

"Lete," alisema Cheche, akashukuru moyoni kupata kazi ya kumgeuzia kona mgongo. "Ishushie stendi hapo. Piga honi."

Honi ikalia kwa nguvu.

"Washa taa kubwa. Sasa bonyeza starter, macho yako yawe kwenye taa."

Hicho ndicho kipimo cha kwanza, cha kabla ya mita. Starter ikibonyezwa na taa ikafifia, betri imechoka. Taa ikibaki vilevile na injini ikawa kimya, betri haina kosa. Umeme umezuiwa mahali fulani njiani. Taa ya Domo haikufifia hata chembe. Cheche akaleta mita, akagusa vichwa vya betri, akaona imejaa. Akakagua fyuzi, nzima. Akaigusa relei, kisanduku kipitishacho umeme wa starter, kwa bisibisi, kimya. Akafuata waya mmoja baada ya mwingine kwa vidole, na kila mmoja ulikuwa salama, naye akabaki amechuchumaa kama mtu aliyeibiwa kofia kichwani.

"Basi niirudishe nyumbani nikaipikie uji," alisema Domo. Akaipandisha stendi kwa kisigino ili aisukume, kidole gumba kikagusa starter kwa bahati, injini ikanguruma.

Wakatazamana. Domo akaishusha stendi. Injini ikafa. Akaipandisha. Ikawaka.

"Kumbe ni stendi tu!" Domo akacheka. "Fundi mzima unashindwa na stendi!"

Cheche hakucheka. Pikipiki ya Domo ilikuwa ya aina ya zamani. Chini ya stendi yake hapakuwa na swichi, wala waya wa kuikata injini. Palikuwa na chuma, springi, na matope. Pikipiki iliyokuwa na swichi ya namna hiyo, katika karakana ile, ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa chini ya turubai.

*

Mwenye pikipiki hiyo alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, msambazaji wa mayai aliyeitwa Trei. Siku aliyokufa alifika karakanani asubuhi, mzigo wa mayai umefungwa nyuma hadi kimo cha mabega yake.

"Shemeji, bibi harusi kakataa kutoka ndani."

"Bibi harusi gani wa miaka kumi, shemeji? Huyo ni nyanya yake bibi harusi."

Cheche aliipima kwa utaratibu wake: honi, taa, mita, waya. Betri ilikuwa njema. Kosa lilikuwa chini, kwenye swichi ndogo ya stendi, iliyojaa tope na kutu. Swichi ile kazi yake ni kumlinda mpandaji: akitia gia ilhali stendi iko chini, injini huzimwa. Nayo ilipoharibika ikawa inaamini kwamba stendi iko chini daima, na kila gia ilipotiwa injini ikafa.

Dawa yake ni kuweka swichi mpya. Mpya haikuwapo siku ile, na mayai hayangoji. Cheche akafanya wafanyavyo mafundi wengi mteja anapohema mgongoni: akazikata nyaya mbili zilizoingia kwenye swichi, akaziunganisha zenyewe kwa zenyewe, akazizungushia utepe mweusi. Tangu hapo pikipiki ikawa inaamini kwamba stendi iko juu daima. Ikawaka kwa mguso mmoja, gia ikaingia, isizime.

Jambo lile halikuwa uovu. Lilidai neno moja tu la kusindikizia: Shemeji, sasa haitazima tena, stendi uiangalie mwenyewe. Maana Cheche alijua, kama mtaa mzima ulivyojua, kwamba Trei alikuwa na mazoea ya kutia gia na kuondoka akiwa ameisahau stendi chini. Injini ikimzimia, hucheka, huipandisha kwa kisigino, akawasha tena. Kwa miaka yote hiyo injini ndiyo iliyokuwa ikimkumbusha.

Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Papo hapo Domo, aliyekuwa amekalia tairi mlangoni, akarusha mzaha, karakana nzima ikaangua kicheko, Cheche naye akacheka hata akashika kiuno. Alipojifuta machozi, shemeji yake alikuwa ameshaingia barabarani.

Penye kona ya kushoto, kabla ya daraja, pikipiki ikainama ubavu kama pikipiki zote ziinamavyo konani, ncha ya stendi ikachimba lami, ikamtupa Trei mbele ya lori. Waliofika mwanzo walisema kwamba hawakuiona damu kwanza. Waliona mayai, mayai matupu, viini vikitiririka juu ya lami ya moto na kuanza kuiva.

Chuma kilicholala barabarani kililetwa kwa Cheche kwa kuwa ndiye ndugu mwenye nafasi ya kukihifadhi. Mkaguzi wa polisi alikuwa njiani. Cheche akaingia na bisibisi, akabandua utepe mweusi, akazitenganisha nyaya mbili, akazipaka tope. Mkaguzi akatazama, akasema marehemu alikuwa na mwendo wa kasi, akaenda zake.

Na dada yake, katika matanga, alimshika mkono akamnong'oneza kwa sauti iliyokauka: "Mimi ndiye niliyemuua, mdogo wangu. Nilimpigia simu. Nilimwambia, mwenye mgahawa ametuma mtu mara ya pili, harakisha. Neno langu la mwisho kwake lilikuwa harakisha."

"Usiseme hivyo, dada. Siku yake ilikuwa imefika."

Lilikuwa jibu zuri, la mtu mwenye adabu. Dada akahamia nyumbani kwa mdogo wake, chumba cha pili, na kila alipokaa kimya Cheche alijua anaisikiliza simu ile. Alimwonea huruma sana. Akampa huruma yote aliyokuwa nayo, isipokuwa ile moja aliyoihitaji.

*

Baada ya Jumanne ile, kila pikipiki iliyoingia karakanani na kushushiwa stendi ilikataa kuwaka, na kila iliyotolewa nje ikawaka kama haijawahi kuugua. Wateja wakaanza kusimama mbali. Domo akatangaza kwamba karakana ya Cheche sasa ni hospitali ya kuingia mzima na kutoka umebebwa. Harufu ya yai viza ilikuja kila alasiri. Kla, ilisema kona. Kisha kimya, kama cha mtu aliyeuliza swali na kungoja.

Siku moja Cheche akajikaza, akafunua turubai. Kwenye dashibodi iliyopasuka, ile taa ndogo ya kijani iashiriayo kwamba gia haijaingia ilikuwa inawaka. Akapeleka mkono chini ya kiti, palipokuwa pa betri, pakawa patupu. Akazishika nyaya mbili za betri zilizoning'inia pale, akahisi katika kila ncha mpigo, taratibu, kama wa mshipa wa mkono wa mtu.

Ndipo alipomwendea Mama Chetezo, mtabibu wa mambo hayo, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, aliyekuwa akimsikiliza mgonjwa huku akichambua mchele.

"Umeliona?" aliuliza.

"Sijaliona, mama. Nalisikia."

"Heri yako. Wengine hukalishwa nalo meza moja." Akatupa jiwe la mchele. "Ni nani unayemdhania?"

"Shemeji yangu, mama. Marehemu."

"Marehemu hapigi stendi, mwanangu. Marehemu yuko alikoitwa, ana shughuli zake. Hilo ni jini mpita njia. Limekuta damu imemwagika na lawama haina mwenyewe. Lawama isiyo na mwenyewe ni kama nyumba isiyo na mlango. Hapo ndipo majini hupanga chumba. Haya, nieleze kifo kilivyokuwa. Usinifiche kitu."

Cheche akaeleza. Alieleza vizuri, kifundi, tangu honi mpaka tope la kwenye swichi, na Mama Chetezo akaitikia kila hatua kwa kichwa. Kisha mtabibu akauliza: "Nani aliziunga nyaya?"

Panapotakiwa neno, ulimi hupenda kwenda ulikozoea.

"Fundi mwingine, mama. Wa upande wa pili wa mji. Mimi niliona baadaye."

Mwanamke aliacha kuchambua mchele. "Una hakika? Maana mimi silipeleki popote. Mimi hufungua mlango tu. Litatoka, litamfuata mwenye lawama hadi alipo."

"Nina hakika."

Naye alikuwa amepiga hesabu yake. Fundi yule hakuwapo duniani; basi jini litamtafuta mpaka lichoke. Mgonjwa akimdanganya mganga, dawa huenda kwa jirani. Cheche alilijua hilo, ila aliamini kwamba hapa jirani hayupo.

Mama Chetezo alikuja karakanani alasiri, akafukiza, akasoma, akaizunguka pikipiki. Harufu ya yai ikapanda hata macho yakatoka machozi. Turubai likafura, likashuka. Kitu kikapita baina yao kwa kasi, bila umbo, na kilipotoka mlangoni vumbi la nje likainuka katika mstari mwembamba. Cheche akatazama liendako. Halikuelekea barabara kuu, iendayo upande wa pili wa mji. Lilikata kushoto, likaingia kichochoro cha nyumbani kwake.

"Limejua njia," alisema Mama Chetezo, akimtazama usoni kwa muda mrefu. "Kwenu kuna nani aliyejitwisha lawama hiyo?"

*

Alikimbia. Umeme ulikuwa umekatika tena na magharibi ilikuwa inaingia. Mlango wa dada yake ulikuwa wazi. Naye dada alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, sufuria la viazi alivyokuwa akimenya limepinduka kando yake, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umetoka nje ya kanga, umenyooka, mgumu, umeelekea ubavuni kwa namna ambayo mguu wa binadamu hauelekei.

"Mdogo wangu," alinong'ona, "usiwashe tochi."

"Dada, una nini?"

"Haukunjiki. Nimejaribu kusimama. Nikisimama unapiga sakafu. Niliambiwa na simu. Simu imelia, nikapokea, ikaniambia kwa sauti yangu mwenyewe: harakisha."

Harufu ya yai viza ilikuwa imejaa chumbani, nzito kama shuka lililoloa, na Cheche aliposogea ili amshike dada yake akaona kwamba dada anainuka, si kwa nguvu zake, bali kama kitu kiinuliwacho kwa kushikwa mabega kutoka nyuma, na ule mguu wa kushoto ukashuka kwenye saruji ukasema kla, sauti ya chuma, ukainuka ukasema kla, na mwili wote wa dada ukaanza kuinama kushoto, polepole, kama uingiao konani, kichwa kikielekea ncha ya kitanda cha chuma, macho yake yakiwa wazi yakimtazama yeye, naye Cheche akamdaka kiunoni akavuta kwa nguvu zake zote na asiweze, kwa maana uzito aliokuwa akiuvuta haukuwa wa mwanamke mmoja, ulikuwa wa mwanamke na pikipiki na shehena ya mayai na mtu aliyepanda, na katika kuvuta kule akatambua, kama fundi atambuavyo mwisho wa waya, kwamba hakuna kosa lolote mwilini mwa dada yake. Dada alikuwa mzima, betri njema. Kosa lilikuwa mahali pengine, mahali palipokatwa na kufichwa kwa tope, na mikono iliyopaka tope lile ndiyo hii iliyomshika.

"Ni mimi!" alipiga kelele. "Dada, ni mimi! Mimi ndiye niliyeziunga nyaya za stendi. Pikipiki isingezima tena. Nilijua. Nilijua huwa anaisahau. Sikumwambia."

Kichwa kikasimama, kidole kimoja kutoka kwenye chuma.

"Rudia," alisema dada yake.

Akarudia. Akasema yote: swichi, utepe mweusi, mkaguzi, tope. Akasema kwamba simu haikuua mtu. Kwamba hata kama Trei angekwenda mwendo wa kobe, kona ile ingemwangusha.

Mguu ukalegea. Dada akaanguka mikononi mwake, akajikunja, mguu nao ukajikunja pamoja naye. Wakakaa gizani wakihema. Harufu ilikuwa ingalipo, lakini ilikuwa imehama. Haikuwa tena kwa dada. Cheche aliihisi ikimkaa mabegani mwake, kama mkono wa mtu anayemfahamu.

"Kwa nini hukumwambia?" dada aliuliza.

"Nilikuwa nacheka. Domo alisema neno, nikacheka. Nilipomaliza alikuwa ameondoka."

"Alisema neno gani?"

Cheche alitafuta. Alitafuta kwa bidii, kama atafutavyo fyuzi iliyodondoka mchangani.

"Sikumbuki, dada."

Dada hakulia. Alijitoa mikononi mwake, akaanza kuviokota viazi, kimoja kimoja, kwa kupapasa.

*

Mengi yanasemwa. Husemwa kwamba jini lile lilikuwa roho ya Trei. Mama Chetezo alikwisha kulijibu hilo. Husemwa kwamba yeye Mama Chetezo ndiye aliyelifukuza, na wateja waliorudi wanamwaga sifa zake. Mwenyewe akiulizwa hujibu kwamba alifungua mlango tu, na kwamba kitu kikitoka kwa mlango huweza kurudi kwa mlango. Husemwa kwamba Cheche amekuwa kichaa kidogo, kwa kuwa haachii pikipiki itoke kabla hajainama kuigusa stendi kwa mkono na kusema kwa sauti, mbele ya mwenyewe, hata kama mwenyewe ni Domo: "Stendi iko juu. Umenisikia?" na asipojibiwa hushika usukani asiachie. Domo humwigiza vijiweni, na watu hucheka. Lakini huo si wazimu.

Husemwa pia kwamba karakana sasa imetulia. Pikipiki zinawaka, hilo ni kweli. Ila kila alasiri, karibu na saa kumi, fundi huinua pua, naye hahangaiki tena kupima betri. Kona husema kla. Naye huitikia, "Nipo," akaendelea na kazi.

Na lililo kubwa kuliko yote, husemwa kwamba dada yake amemsamehe, kwa kuwa humletea chakula karakanani kila siku, na msamaha gani tena watu wanautaka? Chakula huletwa, kweli. Dada huja akitembea vizuri kwa miguu yote miwili, analala usiku bila kuisikia simu, uso wake umerudiwa na nuru. Huweka sahani juu ya meza, hutazama kona ya nyuma, husema, "Fundi, chakula."

Yeye aliyekuwa akimwita mdogo wangu tangu alipomfundisha kutembea.